Je, Aliyevunja Kiapo cha Chuo Ana Haki ya Kurudi?

Kwa zaidi ya karne nzima Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani kilikuwa na adhabu moja tu kwa mwanafunzi aliyethibitika kudanganya, kusema uongo au kuiba: aondoke, na asirudi tena. Hapakuwa na karipio, wala kurudia somo, wala kusimamishwa kwa muda. Aliyenakili kurasa mbili na aliyewasilisha kazi nzima ya mwenzake walitoka kwa mlango mmoja. Mwaka 2022 wanafunzi wenyewe, ambao ndio wanaouendesha mfumo huo, walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga wakaiondoa adhabu ya kufukuzwa na kuweka badala yake kukaa nje ya masomo kwa mihula miwili. Mwaka uliofuata walipitisha utaratibu mpya wenye adhabu za ngazi mbalimbali. Wako waliofurahi, na wako waliolia kwamba nguzo ya chuo imeng'olewa. Swali lililowagawa halihusu chuo kimoja wala nchi moja. Jumuiya iliyojengwa juu ya kuaminiana imfanye nini mwenzao aliyeivunja imani hiyo? Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kosa hilo ni zito kweli, na kwa sababu ya uzito wake huo, adhabu inapaswa kumdai mkosaji atengeneze alichokivunja. Kumfukuza milele kunamfutia dai hilo kabla hajalilipa, na kumsamehe bure kunalifuta vilevile.

Tuanze na uzito wenyewe, maana hauonekani kwa kutazama karatasi ya mtihani peke yake. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1840, Profesa John A. G. Davis, mwalimu wa sheria chuoni Virginia, alipigwa risasi na mwanafunzi aliyejifunika uso wakati wa vurugu katika viwanja vya chuo, naye akafariki siku mbili baadaye. Chuo hicho, kilichoasisiwa na Thomas Jefferson mwaka 1819, kilikuwa kimeishi kwa muda mrefu katika uhasama: walimu walinzi, wanafunzi wakwepaji, na kila upande ukimwona mwingine kama adui. Tarehe 4 Julai 1842 Henry St. George Tucker, aliyeshika nafasi ya Davis ya kufundisha sheria, alipendekeza jambo lililokuwa jipya hapo: mwanafunzi atie saini kwenye karatasi yake ya mtihani akithibitisha kwa heshima yake kwamba hakupata msaada kutoka kokote, na neno lake likubaliwe. Hapo uhusiano ulibadilika. Mwalimu aliacha kumlinda mwanafunzi kama mshukiwa, na mwanafunzi akapewa hadhi ya mtu ambaye kauli yake ni ushahidi tosha. Anayedanganya chini ya mpango wa namna hiyo anajipatia alama zisizo zake, na juu ya hilo anatumia vibaya imani aliyopewa kabla hajaifanyia kazi. Anamdhulumu pia jirani yake wa meza ya pili, ambaye alikuwa na nafasi ileile ya kuibia na akajizuia kwa sababu aliamini kwamba wenzake nao wanajizuia.

Hiyo ndiyo nguvu ya hoja ya wale waliotaka kufukuzwa kubaki kuwa adhabu pekee, na haifai kuidharau. Walisema kwamba uaminifu hauna vipande. Mtu hawi mwaminifu kwa asilimia 70. Chuo kikianza kupanga bei ya kila uongo, huu mwezi mmoja na ule muhula mmoja, mwanafunzi ataanza kupiga hesabu kama mfanyabiashara anayelinganisha faini na faida. Walisema pia kwamba adhabu moja ina usawa ambao adhabu nyingi hazina: mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wanapata lilelile, na hakuna nafasi ya kubembeleza. Zaidi ya yote walisema kwamba adhabu hiyo ni tamko. Inawaambia wote wanaobaki kwamba jambo hili kwetu halina mjadala. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba mkosaji aadhibiwe kwa kuwa amekosa, wala asitumiwe tu kama chombo cha kuleta manufaa kwa wengine, angekubaliana nao katika sehemu moja: kumwadhibu mtu mzima kwa alilolifanya ni kumheshimu, kwa kuwa kunamchukulia kama mwenye akili na hiari, aliyechagua na ajibu kwa uchaguzi wake.

Ninaikubali sehemu hiyo ya Kant, na kutoka hapohapo ninaachana na mwisho wanaoufikia watetezi wa kufukuza. Kama adhabu ni namna ya kumheshimu mwenye hiari, basi imheshimu hadi mwisho: imchukulie kama mtu anayeweza pia kuchagua upya. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alieleza kwamba maisha ya watu pamoja yana udhaifu wa aina mbili. Hatujui kesho mwenzetu atafanya nini, na hatuwezi kuyarudisha nyuma yaliyokwisha kufanyika jana. Dawa ya la kwanza ni ahadi, dawa ya la pili ni msamaha. Kanuni ya uadilifu ya chuo ni ahadi ya watu wengi kwa pamoja. Ahadi ikiwekwa na binadamu, itavunjwa na baadhi yao. Hilo si utabiri wa mtu mwenye shaka, ni tabia ya ahadi zote zilizowahi kuwekwa. Jumuiya inayojua kuahidi tu, isiyojua la kufanya ahadi inapovunjwa isipokuwa kumtupa nje aliyeivunja, imejifunza nusu ya somo lake. Arendt hakuiweka adhabu kama adui wa msamaha. Aliviona viwili hivyo kuwa njia mbili za kukomesha jambo ambalo bila ya hivyo lingeendelea kuzaa madhara bila kikomo. Swali basi ni adhabu ipi inayokomesha kweli.

Mapokeo ya dini yanatusaidia hapa kuliko sheria za mitihani, kwa kuwa yamelifikiria kosa la aliyeaminiwa kwa karne nyingi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Riyadh al-Salihin, kitabu kinachojulikana sana katika madrasa za pwani yetu, kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mja mwingine, linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Machozi hayalipi deni. Katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru haishii kwenye kusema kwamba amebadilika; anaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, anakwenda mbali zaidi katika maelezo yake ya sheria ya toba. Kwake, toba kamili inajulikana pale mtu anapokutana tena na nafasi ileile ya kukosa, akiwa na uwezo uleule wa kukosa, akajizuia. Mapokeo haya matatu yanatofautiana katika mengi, lakini hapa yanakutana: kosa dhidi ya imani ya watu linafutwa kwa tendo, na tendo hilo linahitaji mahali pa kufanyikia. Mwanafunzi aliyeibia mtihani ana mahali pamoja tu pa kuthibitisha kwamba amebadilika, nako ni mbele ya mtihani mwingine, kati ya wenzake walewale. Anayefukuzwa milele ananyimwa mahali hapo. Anaondoka na deni lake, na wale aliowakosea hawalipwi chochote zaidi ya kutomwona tena.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni maneno mazuri ya mimbarini, lakini chuo kinahitaji kujua kinachozuia udanganyifu. Basi tutazame yaliyotokea. Katika mfumo wa Virginia, ili mwanafunzi apatikane na hatia ilipaswa kuthibitika kwamba alitenda, kwamba alijua au alipaswa kujua, na kwamba kosa lenyewe lilikuwa zito kiasi cha kuathiri jumuiya ya waaminifu. Sharti la tatu ndilo lililokuwa mlango wa huruma ya siri. Jopo la wanafunzi lililoona wazi kwamba mwenzao amenakili, lakini likaogopa kumharibia maisha kwa kurasa mbili, lilikuwa na njia ya kusema kwamba hana hatia. Wengine hawakufika hata huko, kwa sababu shahidi aliyejua kwamba kauli yake itamfukuzisha mtu alinyamaza. Cesare Beccaria aliliona hilo mwaka 1764 katika kitabu chake juu ya makosa na adhabu: kinachozuia uovu ni uhakika wa adhabu zaidi ya ukali wake, na ukali ukipita kiasi wenyewe unakula uhakika huo. Mwaka 2001 mwalimu wa fizikia wa chuo hicho, Louis Bloomfield, alitumia programu ya kompyuta aliyoiandika mwenyewe kulinganisha insha za wanafunzi wa mihula kadhaa, na zaidi ya 150 wakafikishwa mbele ya kamati ya uadilifu. Wengi wa hao hawakukutwa na hatia, lakini zaidi ya 40 waliishia kuondoka chuoni au kunyang'anywa shahada. Adhabu kali kuliko zote ilikuwapo miaka yote hiyo, na haikuwazuia. Donald McCabe wa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliyechunguza maelfu ya wanafunzi wa vyuo vingi vya Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuta kwamba vyuo vyenye kanuni za uadilifu vilikuwa na udanganyifu mdogo kuliko vingine. Alikuta pia kwamba jambo lililokuwa na nguvu kubwa zaidi juu ya mwanafunzi ni kile anachowaona wenzake wakikifanya.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika chuo cha kijeshi cha West Point, na linastahili jibu la kweli. Kanuni ya huko inamkataza mwanafunzi kusema uongo, kudanganya na kuiba, na pia kumvumilia mwenzake anayefanya hayo. Mwaka 1976 mtihani wa uhandisi wa umeme waliopewa wakaufanyie vyumbani mwao uliibua kashfa iliyowaondoa zaidi ya wanafunzi 150. Tume iliyoongozwa na mwanaanga Frank Borman ilichunguza, ikakiambia chuo chenyewe kwamba nacho kilikuwa na sehemu yake katika kuoza kwa mfumo huo, na ikashauri kwamba kufukuza kusiwe adhabu pekee. Zaidi ya 90 kati ya walioondoka waliruhusiwa kurudi. Baada ya muda ukaja utaratibu wa kumpunguzia adhabu anayekiri kwa hiari. Kisha mwaka 2020, wakati masomo yalipohamia mtandaoni kwa sababu ya korona, wanafunzi 73 walituhumiwa kuibia mtihani mmoja wa hisabati. Uongozi wa chuo ukaufuta utaratibu wa kukiri, ukisema haukutimiza lengo lake. Si huo ushahidi kwamba huruma inaalika udanganyifu?

Ni ushahidi wa jambo fulani, lakini si hilo. Kilichoshindwa West Point ni kukiri kulikogeuzwa kuwa bei nafuu: mtu anakamatwa, anasema maneno yanayotakiwa, anapunguziwa. Masharti aliyoyataja Nawawi yanakataa toba ya namna hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa haina kurudisha wala gharama inayolingana na kosa. Tena tuangalie West Point ilifanya nini ilipoufuta utaratibu huo. Haikurudi kwenye kumfukuza kila mtu. Iliwafukuza wanane, na wengi wa waliobaki, 51, iliwarudisha nyuma mwaka mzima wa masomo, wakae chini ya uangalizi na kuishi upya kipindi kilekile katikati ya watu wanaojua walichokifanya. Chuo kinachofundisha maofisa wa jeshi, chenye kila sababu ya kuwa kikali, kilipolazimika kuchagua kilichagua adhabu ngumu yenye njia ya kurudi. Kwa mtu mwenye aibu, mwaka wa namna hiyo ni mzito kuliko kuhamia chuo kingine ambako hakuna anayemjua.

Kuna pingamizi la pili, na hili linagusa haki ya wasiokosa. Mwanafunzi aliyekesha akisoma na kupata alama ya chini kwa jasho lake ana haki ya kuuliza kwa nini aliyeibia abaki kuwa mwenzake darasani. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama daktari wake alijifunza kweli. Jibu ni kwamba kutengeneza maana yake ni kutengeneza kwao hasa. Alama iliyopatikana kwa wizi ifutwe. Somo lirudiwe lote, kwa muda na gharama ya mkosaji. Heshima na tuzo zilizomwendea zirudi. Kosa liandikwe katika hati yake mpaka atakapothibitisha kwa kazi yake mwenyewe kwamba anastahili kufutiwa. Daktari mtarajiwa aliyerudia anatomia chini ya macho ya walimu ni salama zaidi kwa umma kuliko yule aliyefukuzwa hapa akasajiliwa kwingine na pengo lake lilelile. Na wenye haki ni wengi kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi insha nyingi zilizowasilishwa na wanafunzi wa Uingereza na Marekani ziliandikwa Nairobi, na vijana wenye shahada wasiopata ajira ya fani zao, waliolipwa kwa ukurasa huku jina la mwingine likiwekwa juu ya fikra zao. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoharamisha biashara hiyo kwa upande wa wauzaji. Mnunuzi anayefukuzwa hajifunzi kamwe kuiandika insha aliyoinunua. Anayelazimishwa kukaa na kuiandika, kuitetea mbele ya mwalimu, na kueleza alivyoipata ile ya kwanza, anaanza walau kuona kwamba upande wa pili wa fedha aliyotuma palikuwa na mtu.

Hata hivyo njia ya kurudi nayo inaweza kuwa mtego, na hapa wanaotetea msamaha tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wapinzani wetu. Virginia kwa miaka mingi ilikuwa na nafasi kwa mwanafunzi aliyejitokeza kukiri kabla hajashukiwa na mtu: huyo hakufukuzwa, alitakiwa kurekebisha alichoharibu. Mwaka 2013 wanafunzi waliongeza nafasi nyingine: aliyekwisha kuripotiwa angeweza kukiri na kuondoka kwa mihula miwili, lakini aliyekana, akashitakiwa na kushindwa, alifukuzwa milele. Fikiria basi asiye na hatia, anayesoma nje ya nchi yake, asiyezijua vizuri kanuni za kunukuu, na asiye na mtu wa kumsemea. Mbele yake kuna njia mbili: aseme uongo kwamba alidanganya na aokoe elimu yake, au aseme kweli na ahatarishe kila kitu. Kanuni ya uadilifu inayompa mtu mkweli sababu ya kusema uongo imejikana yenyewe. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika, kwa kuwa kumbukumbu za mfumo wa Virginia wenyewe zilionyesha kwamba wanafunzi wa kigeni na wale wenye asili ya Asia walikuwa wakiripotiwa kwa kiwango kinachozidi idadi yao. Ndiyo maana ninayaona mabadiliko ya 2022 na 2023 kuwa sahihi kuliko yale ya 2013. Mlango wa kurudi ukae wazi hata baada ya hukumu, ili anayejitetea asiadhibiwe kwa kujitetea. Na kwa kuwa mahakimu ni binadamu, wakiwa wanafunzi au walimu, adhabu isiyoweza kurekebishwa haifai kuwa silaha yao ya kwanza.

Je, hakuna basi anayestahili kufukuzwa moja kwa moja? Yupo. Anayeuza mitihani, anayewatisha mashahidi, na anayepewa njia ya kurudi kisha akarudia kosa lilelile, hao wameikataa ahadi wenyewe, na chuo kinapowatoa kinatambua tu uamuzi walioufanya. Mapokeo yote ya toba niliyoyataja yanajua kwamba mlango ulio wazi haumlazimishi mtu kuingia. Wanafiki nao watakuwapo: watakaorudia somo wakinung'unika, wakiandika barua za majuto kwa maneno ya kuazima. Lakini chuo hakina chombo cha kupima nyoyo, na hakikihitaji. Kinapima matendo, yaani alama iliyorudishwa, kazi iliyofanywa upya, na mtihani unaofuata kufanywa kwa mikono misafi. Mnafiki akiyatimiza yote hayo, wenye haki wamelipwa haki yao, na yaliyobaki ni kati yake na Mungu wake.

Vyuo vya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa vimejengwa juu ya usimamizi zaidi ya kiapo. Wasimamizi huzunguka ukumbini, simu huachwa mlangoni, na kanuni za mitihani hutaja kufutiwa matokeo na kufukuzwa. Mtu anaweza kudhani kwamba mjadala wa Virginia hautuhusu. Unatuhusu, kwa sababu programu zinazoandika insha kwa dakika moja zimeufanya usimamizi wa aina hiyo ushindwe kufika pale kazi nyingi zinapofanyika, yaani nje ya ukumbi. Karibuni tutalazimika kumwomba mwanafunzi neno lake, tupende tusipende, na tukishaliomba itatubidi tuamue mapema tutamfanya nini atakayelivunja. Ningeshauri wanaoandika kanuni hizo wasianze na orodha ya adhabu. Waanze kwa kutaja kwa kila kosa nani amedhulumiwa, amedhulumiwa nini, na mkosaji atamrudishiaje. Kisha adhabu ifuate jibu hilo. Kufukuza kuwekwe mwisho, kwa ajili ya wale walioonyeshwa njia ya kulipa wakakataa kuifuata. Kanuni iliyoandikwa hivyo itakuwa kali kwa wengi kuliko ile ya kufukuza, kwa kuwa itamtaka mkosaji abaki, atazamane na wale aliowakosea, na afanye kwa mikono yake kazi aliyoikimbia. Nayo itakuwa imefanya kile ambacho chuo kimewekwa kukifanya, ambacho ni kumfundisha mtu jambo ambalo alipoingia hakulijua.